Mguu Mmoja Nje

Nchelenge, Jumatatu 6 Januari 2025

Leo ni miezi minne tangu nitoke Mitwaba, kwetu Katanga. Nilimwambia mke wangu Joëlle kwamba nitakuwa nyumbani kabla ya Noeli. Noeli imepita. Mtoto amezaliwa nyuma yangu, mvulana, nami namjua kwa sauti tu, akilia ndani ya simu. Sasa nimesema Pasaka.

Naandika kwa sababu kuna neno siwezi kulisema hapa mbele ya watu: naogopa. Mimi ni konvwayeri. Kazi yangu ni kupakia gari, kufunga kamba, kukaa juu ya mzigo usianguke wala usiibwe, na kushusha tukifika. Konvwayeri anayeogopa gari lake atachekwa kwanza, halafu Mama Angèle atatafuta mwingine, na wengine wako wengi.

Gari ni Land Cruiser nyeupe ya zamani, ya kubebea mizigo. Ni la Mama Angèle, mfanyabiashara wa samaki aliyetoka Lubumbashi akajenga hapa Zambia, Kashikishi. Dereva ni Kaoma, Mbemba wa hapa hapa. Kiswahili chake ni cha sokoni na Kibemba changu ni cha kuomba maji, kwa hiyo hatuongei. Ziwa Mweru limefungwa na serikali mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Mpaka hapo tunabeba mihogo, mahindi, wamama wa soko na watu wa msiba, kati ya hapa na Puta.

Leo tukirudi niliona mikono ya Kaoma kupitia kioo cha nyuma. Anapeleka usukani kushoto, kulia, kushoto, kama mwanamke anayechekecha unga, na gari linaenda mbele tu kama halijaambiwa kitu. Kisha akatuliza mikono, na gari likaanza kuelekea ziwani lenyewe. Akalirudisha.

Nilikaa nyuma kabisa, mguu mmoja nje ya ubao, tayari kuruka.

8 Januari

Mvua. Mihogo kutoka Puta. Mguu nje.

9 Januari

Mvua. Kaoma aliniita nikae mbele, nisilowe. Nilikataa. Mlango wa mbele wa abiria haufunguki kutoka ndani, mpaka mtu azunguke aufungue kwa nje. Nani atazunguka kunifungulia nikiwa ndani ya maji ya Mweru? Nililowa.

11 Januari

Mama Angèle alimwita fundi. Anaitwa Hippolyte, mkimbizi, anakaa kambini Mantapala na anakuja Kashikishi kutengeneza magari. Ni mtu wa kwetu! Nilipomsikia akitukana boliti kwa Kiswahili cha Katanga nilitaka kumkumbatia.

Aliinua gari mbele, akaweka mawe chini ya shasi, magurudumu yakaning'inia. Injini imezimwa, mzigo umeshushwa. Yeye akalala chini kwenye gunia.

"Papa Méschac, ingia, tikisa volan. Pole pole. Kushoto. Kuume. Tena."

Mimi natikisa usukani, yeye anashika kila kifundo cha chuma kwa mkono, kimoja kimoja, kama daktari anayetafuta fasi inayouma. Kwenye gurudumu la kushoto akacheka.

"Njo huyu! Rotuli imekufa. Kuja ushike, inacheza sawa jino ya muzee."

Nikashika. Kweli kile kifundo kilikuwa kinalegea. Akaweka kipya, akapaka grisi kila mahali, hata pasipo na kifundo. Nikiwa chini niliona matundu manne kwenye shasi, upande wa kushoto, hayana kazi yoyote. Nyigu wamejenga udongo ndani yake.

"Haya ni ya nini?"

"Ni ya zamani. Gari hii ilitoka Lubumbashi na volan ya kushoto, sawa magari yetu yote. Hapa Zambia banaendeshaka upande ingine. Mama akaniambia nihamishe volan kuume. Miye njo nilihamisha, na mikono hii."

Tulikula pamoja bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu. Aliongea hadithi za Likasi mpaka nikasahau niko wapi. Mtu mzuri.

14 Januari

Usukani unatii. Nilivuta mguu ndani nusu ya safari.

17 Januari

Umerudi kucheza. Mihogo ilikuwa mingi, na wamama sita juu yake.

Nilimfuata Kaoma tulipofika, nikasimama karibu naye kama ninayetaka kiberiti, nimnuse kama amekunywa. Alinuka sabuni.

18 Januari

Mama Angèle alisema leo uani, Kaoma akiwa mbali: "Hippolyte ametia rotuli mupya. Kama gari ingali inayumba, basi ni chauffeur anayumba. Anakunywaka, huyu. Watu wenye kunyamaza hivi, njo wanakunywaka."

Nilimwamini. Sijui kwa nini niliamini kinywa cha mtu asiyekuwamo garini kuliko pua yangu.

22 Januari

Hippolyte tena. Mawe tena, magurudumu hewani tena, mimi nikitikisa. Vifundo vyote vizima. Basi akafungua boneti, akaenda kwenye boksi, lile sanduku zito la chuma ambamo mti wa usukani unaingia na fimbo ya magurudumu inatokea, akakaza skrubu iliyo juu yake.

"Sasa hautacheza."

Kaoma alilijaribu uani. Alikunja uso. "Yakosa," akasema, akimaanisha kwamba ni gumu, na akanionyesha kwa mikono: ukikata kona, usukani haurudi wenyewe.

"Mwambie ale nyama," Hippolyte akaniambia, tukacheka sisi wawili. Kaoma alitutazama tukicheka. Alijua tunamcheka yeye.

25 Januari

Njiani kwenda Puta gari lilikata kona halikutaka kunyooka. Kaoma alivuta usukani kwa mwili wote, miguu imekanyaga chini kama anavuta wavu. Tukapita kwenye majani, tukarudi barabarani. Wamama wakapiga kelele, kisha wakacheka, kisha wakaanza wimbo. Mimi sikuimba. Mguu ulikuwa nje, na mkono umeshika ubao, na nilikuwa nachagua mahali pa kuangukia. Sasa nachagua hivyo njia nzima: hapa majani, hapa mawe, hapa maji.

28 Januari

Joëlle alipiga simu. Mtoto amekohoa lakini amepona. Akauliza: "Kazi iko namna gani?" Nikasema: "Ni muzuri." Akauliza: "Sauti yako iko namna gani basi?" Nikasema mtandao ni mbaya.

31 Januari

Mvua. Mahindi. Mguu nje.

5 Februari

Lazima niandike hili lote, hata kama mkono unauma.

Tulitoka soko la Puta tumejaa. Kando yangu nyuma alikaa Dorica, mama wa hapa anayeuza dagaa na anayejua Kiswahili kwa sababu alifanya biashara Pweto, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi. Alikuwa na beseni magotini, mikono yote imelishika, akanipa kuku wake nimshike. Jogoo mwekundu, amefungwa miguu.

Karibu na pale barabara inapopita juu ya tuta, maji pande zote mbili, lori lilikuja mbele yetu. Kaoma akasogea pembeni. Nilisikia kitu chini mbele, si mlio mkubwa, "ko", kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Gari likaelekea majini. Niliona mikono ya Kaoma ikizunguka na kuzunguka na gari halisikii.

Mimi niliruka.

Sikufikiri. Mguu ulikuwa nje siku zote, ukaenda, na mimi nikaenda nao. Nilianguka kwenye matope ya tuta, nikabiringika, nikasimama. Gari lilisimama mbele yangu, gurudumu moja hewani juu ya maji, limeinama, na wamama wote juu yake wameshikana kimya. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Kaoma alikuwa bado ameshika usukani. Hakuruka. Mlango wa dereva unafunguka vizuri kabisa, na hakuruka.

Walishuka mmoja mmoja, pole pole. Tulilisukuma.

Dorica alinitazama. Mimi nilikuwa nimejaa matope mpaka masikioni, na jogoo bado yuko kwapani mwangu, mzima.

"Papa Méschac," akasema, "uliruka na kuku wangu, mimi ukaniacha."

Wamama walicheka mpaka wakakaa chini barabarani. Kilikuwa kicheko cha watu waliotoka kufa. Mimi pia nilicheka. Sasa niko peke yangu na sicheki.

6 Februari

Soko zima linaniita Mwokozi wa Kuku.

7 Februari

Hippolyte ameweka rotuli nyingine. Akapaka grisi kila mahali. Kaoma alijaribu kumwambia kitu kuhusu ule mlio, akagonga kidole kwenye boneti: ko, ko. Hippolyte akasema kwa Kibemba kitu kifupi, akaenda kunawa.

Nimewaza usiku: mlevi hawezi kulirudisha gari pale. Yule mtu ametushika hai tangu Desemba kwa mikono yake, na mimi nilikuwa namnusa.

10 Februari

Mihogo. Mvua. Kaoma anaendesha polepole sana. Baiskeli zinatupita, wavulana wanatutania. Sasa namwelewa. Nilipoteremka nilimwambia: "Natotela, ba Kaoma," asante kwa heshima. Alishtuka. Akaitikia kwa kichwa.

12 Februari

Msiba. Jeneza katikati, waimbaji pande zote. Nilikaa nyuma kabisa, bega langu likigusa jeneza. Niliona aibu kuweka mguu nje mbele ya marehemu. Niliuweka.

16 Februari, Jumapili

Nimeona ugonjwa.

Baada ya ibada tulikuwa tuwapeleke wanakwaya kijijini kwao. Walikwisha kupanda wote, wamejaa, na magunia yao ya mahindi chini. Mvua ikaanguka kama inamwagwa, wakajifunika turubai na kuimba chini yake. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limezama kwenye shimo la tope. Kaoma aliwasha injini akawa anageuza usukani huku na huku apate njia ya kutoka, nami nilichuchumaa pale mbele kuweka mawe chini ya gurudumu.

Uso wangu ulikuwa karibu kabisa na boksi. Sijawahi kulitazama likiwa hivi: gari limejaa, magurudumu yako chini, injini inavuma. Siku zote Hippolyte huinua gari kwanza, likiwa tupu.

Boksi limefungwa kwenye bamba la chuma, na bamba limeunganishwa na shasi. Maji ya mvua yalikuwa yanateremka juu yake, yameosha grisi yote. Kaoma alipogeuza kulia, kati ya bamba na shasi yalitoka maji ya rangi ya chai. Alipogeuza kushoto, maji yaliingia ndani, yakafanya mapovu madogo. Kulia, chai. Kushoto, mapovu. Boksi lote lilikuwa linapumua.

Niliweka ncha ya kidole. Kaoma akageuza. Shasi iliniuma ukucha.

Nilikaa pale kwenye mvua. Juu yangu watu wanaimba. Magurudumu hayana kosa, vifundo havina kosa, Kaoma hana kosa. Ni shasi yenyewe iliyopasuka, pale usukani ulipohamishiwa. Siku ikiachana kabisa, Kaoma atakuwa ameshika usukani usioshika kitu.

Kaoma aliponiuliza kwa macho, sikusema. Nilitaka kumwambia Hippolyte kwanza. Ni mtu wa kwetu.

Tuliwapeleka wanakwaya. Walifika. Sijui niandike nini zaidi ya hapo.

17 Februari

Nilimkuta Hippolyte chini ya lori la mtu, karibu na soko. Nilimwonyesha ukucha wangu mweusi na kumwambia nilichokiona. Alitoka chini ya lori polepole, akakaa. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote.

"Ulijua," nikasema.

"Papa Méschac, sema chini."

"Ulijua!"

Akaeleza huku akitazama mikono yake. Shasi ni kama sanduku lenye uwazi ndani. Ukipitisha boliti ndefu upande hadi upande na kukaza, shasi inajikunja, inachoka, inapasuka. Fundi anatakiwa kutia vipande vya bomba ndani, boliti ipite ndani ya bomba, ndipo ukaze. Siku ile alipohamisha usukani umeme ulikatika, hakuweza kuchomea bomba. Akakaza hivyo hivyo.

"Nilisema nitatia mapipe kesho. Gari ikaenda kwa kazi. Kesho haikurudia, keshokutwa haikurudia. Na Mama niliisha kumuambia mapipe iko ndani."

"Na rotuli zote hizi?"

"Zilikuwa zimechoka kidogo," akasema. Kisha: "Ile ufa, nilifikiri ni kadogo. Nilikuwa naifunika na grisi ili isishike kutu."

"Ili isionekane."

Aliponitazama macho yalikuwa yamejaa.

"Ndugu yangu, weye utarudia kwenu. Miye niko mukimbizi. Wakisikia gari ilitaka kuua batu juu ya mukono yangu, batanitoa hapa, na kwetu hakuna nyumba tena. Nina muke yangu Vicky na batoto. Niache tu nitafute siku moja, Mama akiwa safarini, nitaitengeneza kimya. Usiseme."

Nilisema sitasema.

19 Februari

Mvua. Mihogo. Mguu nje.

20 Februari

Mama Angèle hasafiri. Hana mpango wa kusafiri. Anahesabu makreti ya samaki uani na kuyaosha. Siku ya kwanza ya kufunguliwa ziwa, anasema, anayefika wa kwanza anachagua, wa mwisho anachaguliwa.

23 Februari

Hippolyte alipita akaongeza grisi. Hatukutazamana.

24 Februari

Joëlle aliuliza tena: "Pasaka ni Pasaka?" Nilisema ndiyo. Nilipokata simu nilijiona mwongo wa pande zote. Nikinyamaza, wamama hawa wataingia majini siku moja nami nitakuwa nimeruka, mkavu, na jogoo wa mtu. Nikisema, Vicky na watoto wake watafukuzwa. Nimeomba. Mungu hajaniambia kitu ambacho sikijui tayari.

28 Februari

Makreti yamepakiwa. Kesho ziwa linafunguliwa. Wamama kumi na mmoja wameandikisha nafasi, na Dorica ni mmoja wao.

1 Machi, Jumamosi

Tulitoka kabla jua halijapanda. Kila mtu alikuwa na furaha. Mabeseni yanagongana, vichekesho. Dorica aliniwekea beseni mapajani: "Leo sina kuku, Mwokozi. Utamuokoa nani?"

Baada ya Puta mjini tunaacha lami na kuteremka njia ya udongo mwekundu hadi kambi ya wavuvi. Mteremko ni mrefu, mvua imeuchimba, na mwisho wake kuna daraja la magogo juu ya mto. Tukiwa bado juu nilisikia: ko.

Kaoma akasimamisha gari. Hakuzima injini. Tulikaa. Wamama wakaanza kulalamika, maana chini waliona mitumbwi inarudi, na gari jingine lilitupita likipiga honi. Kaoma hakusogea. Nilitazama kupitia kioo cha nyuma: mikono juu ya usukani, kichwa juu ya mikono. Akasema neno moja, na dirisha lilikuwa wazi nikalisikia.

"Ndetiina."

Ni neno ambalo watoto wa hapa hulia nalo mbwa akiwakimbiza. Naogopa.

Yule mtu mzima, dereva, alilisema mbele ya wamama kumi na mmoja. Na mimi nimelificha hapa kwenye karatasi miezi miwili.

Niliteremka. Nilienda mbele, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwenye gurudumu la kulia, nikafuta ile grisi kwa shati langu.

"Mama Dorica, ingia pale, geuza volan. Kushoto na kuume."

"Miye? Leo miye dereva?" Aliingia akakaa kama waziri, akageuza kwa nguvu zote, na wenzake wakampigia vigelegele. Kaoma aliona shasi ikifunguka na kufunga. Akarudi, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni.

"Awe," akasema. Hapana.

Kelele zilizofuata! Mmoja alimwita Kaoma mwanamke. Mwingine akaniambia nimeshamwambukiza dereva woga wa kuku. Dorica aliteremka, akachungulia mwenyewe chini ya gurudumu, kisha akawageukia. "Njooni muone nyinyi wenye midomo." Wakaja. Baada ya hapo hakuna aliyetukana tena. Walibeba mabeseni kichwani wakateremka kwa miguu.

Kaoma alimpigia Mama Angèle, akanipa simu, maana maneno ya Kiswahili ni yangu.

"Gari imesimama? Leo? Banakuroga?"

"Mama, naogopa," nikasema. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. "Siteremki na gari hii. Shasi imepasuka chini ya boksi."

"Hippolyte alisema gari ni nzima!"

"Umuite Hippolyte, Mama. Umuambie alete mapipe."

"Mapipe gani? Aliniambia mapipe iko ndani."

Sikujibu. Yeye ni mtu mwenye akili. Nilisikia akipumua, kisha simu ikakatika. Hivyo ndivyo nilivyovunja neno langu.

2 Machi

Tulirudisha gari tupu mpaka Kashikishi kwa mwendo wa mtu. Nilitembea mbele ya gurudumu njia nzima, nikitazama ufa. Nikiinua mkono, Kaoma anasimama. Nikishusha, anaenda. Hatukuhitaji lugha.

3 Machi

Uani kwa Mama Angèle. Hippolyte alikuja mwenyewe na vyombo vyake, hakusubiri kuitwa mara ya pili. Mama alikaa kwenye kreti, samaki wa kwanza wa mwaka wamechukuliwa na wengine, uso wake ukiwa mkavu.

"Sema," akamwambia.

"Ni miye, Mama. Sikutia mapipe. Nilisema uongo."

"Miye pia nilipandaka kwa gari hii," akasema. "Dada yangu alipandaka. Unajua hesabu ya batu?"

"Najua. Sikulalaka."

Nilidhani ataita polisi. Alisema: "Bon. Utaitengeneza hapa mbele ya macho yangu. Na ikiisha, safari ya kwanza utakaa mbele, fasi ya abiria. Kaoma atakufungulia mulango mukifika. Kama mutafika."

4 Machi

Umeme haukuwako. Tulishusha boksi.

6 Machi

Umeme ulirudi. Alikata bamba lote la zamani. Nyuma yake ufa ulikuwa mrefu kuliko kiganja changu, kutu nyekundu mpaka ndani. Kaoma aliugusa, akaondoka akaenda kusimama ukutani peke yake.

Hippolyte alichomea ufa wote, akatoboa matundu mapana, akaingiza vipande vya bomba, akavichomea pande zote mbili, akaweka bamba jipya juu. Akailegeza tena ile skrubu ya boksi aliyoikaza Januari. Hakupaka grisi. Hakuongea nami. Nikimpa spana anaipokea kwa Kibemba, si kwa Kiswahili chetu.

8 Machi

Kupima. Safari hii hakuna mawe. Mama Angèle aliagiza magunia ya mahindi yapakiwe, kisha majirani wapande, watu wazima tu, mpaka springi zikalala. Injini inavuma. Kaoma kwenye usukani. Hippolyte alichuchumaa, akaweka kidole chake mwenyewe kati ya bamba na shasi.

"Geuza."

Kushoto. Kulia. Tena na tena. Alikitoa kidole, akakiinua juu, kizima, bila kumwonyesha mtu fulani. Majirani walipiga makofi bila kujua wanapiga kwa nini.

10 Machi

Safari ya kwanza. Hippolyte aliingia mbele. Kaoma alifunga mlango kwa nje. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma njia nzima, shingo imenyooka, mkono kwenye kitasa kisichofanya kazi. Kwenye tuta la maji alifumba macho. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu nilimsikia akiomba kwa Kiswahili chetu.

Usukani ulitii. Chini kwenye kambi Kaoma alizunguka, akamfungulia. Hippolyte aliteremka akatapika kwenye majani. Hakuna aliyemcheka, hata Dorica, ambaye alimpa maji.

Mama Angèle hajamfukuza. Amesema watu watajua kuwa boliti zilichoka, basi. Lakini kwangu Hippolyte haji tena kula. Namkosa. Sikudhani nitamkosa.

Mguu wangu ulikuwa nje. Ndiyo. Mguu haujasikia habari bado.

15 Machi

Samaki wengi. Nimechoka vizuri.

21 Machi

Mguu ndani mpaka kwenye tuta. Kwenye tuta nje.

29 Machi

Kaoma ananifundisha Kibemba kupitia dirisha la nyuma. Dorica anasema nakisema kama mtu mwenye jogoo mdomoni.

5 Aprili, Jumamosi

Mama Angèle amenipa ruhusa. Kaoma atanipeleka mpaka mpakani, upande wa Chienge, kisha Pweto, kisha njia ya kwetu. Aliniambia nikae mbele, mvua ingali ipo. Nilisema sawa, na moyo ukaanguka, kwa sababu ya mlango ule.

Leo nilipokuwa nafagia gari nilikaa kwenye kiti kile nijizoeze. Nilishika kitasa bila kufikiri, nikavuta. Mlango ukafunguka.

Nilimwuliza Kaoma. Akasema Hippolyte alipita asubuhi na bisibisi, hakuna aliyemwita, akaufungua mlango, akatengeneza kitu ndani, akaenda. Hakuacha neno.

Nilikaa tena. Nikavuta, ukafunguka. Kisha nikaingiza miguu yote miwili na kuufunga.

Natoka hapa Jumatatu ya tarehe kumi na nne. Natarajia kufika Mitwaba Jumamosi kabla ya Pasaka. Kesho baada ya ibada nitapita Mantapala kumuaga mtu wa kwetu, kama atataka kutoka nje.